Marahaba ya Jumapili

Twalib alizikwa Jumanne. Jumatano jioni akampigia simu Mzee Suleiman wa Nangaru kumuuliza habari za ufuta.

Alhamisi akapiga tena, na safari hii si kwa Mzee Suleiman peke yake. Kijiji kizima kule kusini, watu waliotoka shambani na vumbi bado limewaganda miguuni, walipokea simu wakasikia sauti ile ile waliyoizoea: changa, tulivu, yenye adabu ya mtoto aliyelelewa na bibi. Habari za msiba zilipowafikia, wapo waliozima simu zao, wapo waliosoma dua wakaendelea kupokea, na mmoja aliitumbukiza yake chooni.

Hayo ndiyo yaliyomrudisha Inspekta Zubeda Kondo kwenye ofisi ya Twalib, kule Kibamba, siku moja kabla ya mlinzi Salumu kupandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua Twalib.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa. Ukiiacha barabara ya Morogoro na kuteremka na mtaa wa vumbi jekundu, ungeliona geti la bluu lenye kibao: Jicho la Mbegu. Humo ndani watu walikaa mbele ya skrini kuhesabu ufuta na alizeti za nchi nzima kwa picha za setilaiti, kisha wakawapigia simu wakulima kuwauliza kama picha zimesema kweli. Uani, karibu na ukuta, kulikuwa na tangi la maji la chini ya ardhi. Mfuniko wake ulikuwa mpya, zege bado jeupe. Twalib alikutwa humo Jumatatu asubuhi, uso chini.

Mlinzi mpya alimfungulia geti, akamwonyesha njia ndefu ya kuzunguka nyuma ya nyumba.

"Mbona hatukatishi hapa?" Zubeda aliuliza.

"Hapo hatupitagi, afande."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Matone yalidondoka juu ya ule mfuniko yakatoa mlio mzito, kama mtu anayebisha hodi kwa ncha za vidole. Mlinzi aliongeza hatua.

Mkurugenzi, Dk. Adelard, alikuwa mezani kwake, miwani imeteremka puani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, kua uyaone." Alijibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayegonga muhuri. Kisha akatazama. "Aa, Inspekta. Nilidhani mmeshamaliza. Si Salumu anapanda mahakamani kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Sasa?"

"Sasa kuna marehemu anapiga simu."

Dk. Adelard alicheka kidogo, akavua miwani. "Binti yangu, hiyo ni mashine. Twalib alikuwa na sauti nzuri, tukamrekodi. Mashine inampigia mkulima, inamsomea maswali, mkulima anabonyeza namba. Ile ni sauti ya mwaka jana. Nilishamwambia Gladness aizime."

"Umeisikiliza?"

"Nina umri gani wa kukaa kusikiliza wafu?"

Zubeda alivuta kiti bila kukaribishwa. "Nirudishe kwenye Ijumaa ya kabla ya msiba."

"Nimeshaandikisha maelezo."

"Nayajua. Nataka kuyasikia."

Mzee alihema. "Ijumaa jioni nilifunga ofisi mimi mwenyewe. Twalib na Salumu niliwaacha getini wanagombana, wamekunjana mashati. Tangu hapo hakuna aliyemwona Twalib akiwa hai. Jumamosi nilikuwa nyumbani. Jumapili kanisani, halafu kipaimara cha mjukuu wangu Mbezi. Sikukanyaga hapa mpaka Jumatatu, Salumu aliponipigia kusema kuna mtu tangini. Na ufunguo wa ofisi wa Twalib ukakutwa mfukoni mwa nani?"

"Mwa Salumu."

"Basi."

"Salumu anasema aliuokota kando ya tangi, hiyo Jumatatu."

"Na wewe ungekuwa Salumu ungesema nini?"

Hapo alikuwa amepiga penyewe, na Zubeda alilijua hilo. Kesi nzima ilisimama juu ya Ijumaa. Daktari wa hospitali alikuwa ameshindwa kuitaja siku ya kifo; maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Salumu hakukana ugomvi. Twalib alitaka Salumu awepo getini Jumapili, naye Salumu alikataa kwa sababu alikuwa na safari. Jumamosi alfajiri alipanda basi kwenda Muheza kumzika shangazi yake. Tiketi ilikuwepo, na imamu wa kule alikiri kwamba walibeba jeneza pamoja na wakalala matanga pamoja mpaka usiku wa kuamkia Jumatatu. Lakini tiketi ya Jumamosi haimsaidii mtu anayeshtakiwa kwa kuua Ijumaa.

"Gladness yuko wapi?" Zubeda aliuliza akisimama.

"Chumba cha pili. Muulize ya picha tu. Ya watu yanamliza."

Gladness, mchambuzi wa picha, alikuwa na macho mekundu na kanga ya baridi mabegani. Mbele yake skrini ilijaa viraka: kijani, njano, kahawia. Ilikuwa Nangaru kutoka juu, kijiji kizima kimelala kama mkeka uliotandazwa.

"Karibu, afande. Kaa hapo, ila si kile kiti."

Kile kiti kilikuwa kimesogezwa mezani vizuri, na juu yake kulikuwa na sweta ya kiume. Zubeda alikaa kwingine.

"Nielekeze kama unamwelekeza mtoto."

"Hiki kijani ni ufuta. Na hiki nacho," alisogeza kidole, "ni pori. Mashamba yaliyoachwa. Ukiangalia kutoka juu ni mapacha wa mama mmoja. Ndio maana tunapiga simu. Picha inasema, mkulima anathibitisha. Picha ikisema peke yake, hatuandiki."

"Na taarifa ya msimu huu?"

Gladness aliutupia mlango jicho. "Iliandikwa kabla simu hazijapigwa."

"Na nani?"

Gladness aliunyoshea kidevu ukuta, na kama aliyeitwa, Dk. Adelard akakohoa upande wa pili.

Zubeda alikuwa ameishika ncha ya uzi huo tangu jana yake. Alishinda Kurasini, katikati ya makontena na malori, mpaka wakala mmoja wa forodha alipomwambia kuna mnunuzi aliyekodi makontena ya ufuta mapema mno, kabla bei haijaanguka, kama mtu aliyeota, au aliyedokezwa. Taarifa ya Jicho la Mbegu ilipotoka ikisema mwaka huu ufuta umefurika, wanunuzi wengine wakalegea na bei mnadani ikaporomoka. Wakulima wakauza huku wanalia.

"Mapori yalihesabiwa kuwa ufuta," Zubeda alisema.

"Mimi sijasema, afande."

"Twalib alijua?"

"Twalib ndiye aliyeona." Gladness aliivuta kanga. "Alisema atawauliza wazee mwenyewe, shamba kwa shamba. Nikamwambia, we Twalib, utafukuzwa. Akasema, kufukuzwa si kufa."

Nje, mvua ilikuwa imeongezeka, na kutoka uani ule mlio wa matone juu ya zege ulisikika mpaka humo chumbani.

"Uliambiwa uizime mashine," Zubeda alisema.

"Niliambiwa."

"Hukuizima."

"Nilimwambia mzee nimeizima." Aliitazama ile sweta. "Mie nimekaa naye meza moja, afande. Alikuwaga ananiletea mihogo ya kukaanga toka kwao Manzese, imefungwa kwenye gazeti, bado ya moto. Kila nikitaka kubonyeza pale, mkono unagoma. Naona kama namzika mara ya pili."

"Na umeisikiliza?"

"Thubutu!"

"Mkurugenzi anasema ni sauti ya mwaka jana."

"Hapana. Ya mwaka jana iliisha na msimu wake. Hii ni mpya, aliiweka mwenyewe na kuipangia ianze Jumatano. Mie niliikuta tu inapiga."

"Niwekee."

Gladness alimpa vile vya kuvaa masikioni, akabonyeza, kisha akaenda kusimama dirishani na viganja vimeziba masikio yake mwenyewe.

Kulikuwa na ukimya kwanza, ukimya wa chumba kidogo. Halafu kijana akazungumza, karibu sana, kama aliyeinama begani pa Zubeda.

"Assalaam alaykum. Shikamoo, mzee wangu."

Akatua kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Ndani ya nafasi ile kulikuwa na kitu. Mvumo tu, kama mtu anayeongea mtungini.

"Mie ni Twalib, yule anayekuulizaga habari za ufuta. Kama unanisikia vizuri, bonyeza moja." Akatua tena. "Mzee wangu, leo nimeiona picha mpya. Nimeona bondeni kwa Mzee Suleiman wameshaanza kukata, hongereni. Sasa nauliza kule mlimani. Shamba lako la mlimani ni ufuta, au ni pori? Kama ni ufuta, bonyeza moja. Kama ni pori, bonyeza mbili."

Zubeda alivua vile vya masikioni, akaviweka mezani polepole.

"Gladness. Picha mpya ni ipi?"

Gladness alirudi akifuta macho, akafungua picha mbili sambamba. Katika ya kwanza, bonde la Mzee Suleiman lilikuwa kijani mpaka kwenye ukingo wa mto. Katika ya pili, pembeni kulikuwa na mng'ato wa kahawia, kama mkate ulioumwa.

"Hii ya pili ni ya lini?"

"Jumamosi asubuhi. Setilaiti ikishapita Nangaru, hairudi mpaka siku zake zifike. Zamu iliyotangulia tulipata mawingu matupu. Ya kabla yake ndiyo hii ya kijani."

"Hiyo ya Jumamosi ilifika hapa lini?"

"Huwa zinashuka kesho yake. Jumapi..." Gladness aliishika midomo. "Jumapili. Lakini afande, Twalib Ijumaa alishaku..."

"Usikimbilie. Huenda mzee alimdokeza kwa simu kwamba ataanza kukata. Picha imesema, sasa nipe mkulima."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, mtu alifoka kabla ya salamu.

"Kama ni yule marehemu, nimeshakwambia nenda kwa amani! Ufuta nimekujibu, pori nimekujibu, unataka nini tena?"

"Shikamoo, mzee. Si marehemu. Naitwa Inspekta Zubeda, polisi, Dar es Salaam."

"Ahaa." Mzee Suleiman alishusha pumzi. "Marahaba, mwanangu. Wewe una adabu, umeniacha nijibu mwenyewe."

"Unasemaje, mzee?"

"Yule kijana akinipa shikamoo, kabla sijafungua mdomo kuna mtu anaiitikia. Kila siku! Mtu mzima, rika langu, namsikia kwa mbali. Shikamoo yangu, anaila yeye. Nimemwambia mke wangu, huyu marehemu haji peke yake. Kuna mtu nyuma yake."

Gladness, aliyekuwa akisikia kila neno, alisogeza kiti chake mbali na kile chenye sweta.

"Mzee wangu," Zubeda alisema, "ufuta wa bondeni ulianza kuukata lini?"

"Jumamosi. Mapema, umande haujakauka."

"Una hakika si Ijumaa?"

"Ijumaa tulikuwa na hitima ya mama yangu. Panga litoke kwangu siku ya hitima ya mama? Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Mbagala."

"Basi yanakuhusu, usiniulize."

"Na Twalib ulimwambia kwamba Jumamosi unaanza?"

"Nimwambie vipi, mwenyewe sikujua? Nilipanga kukata baadaye. Jumamosi alfajiri nafika bondeni, naona maganda yameanza kupasuka, mbegu ziko chini. Nikarudi mbio kuwaamsha wanangu. Ufuta haukungoji, mwanangu. Ukisema kesho, kesho unaokotwa na ndege."

Zubeda alishukuru, akakata simu. Kwa kitambo alitazama ule mng'ato wa kahawia kwenye skrini. Wakati wana wa Mzee Suleiman wanakata mashina yale ya kwanza, Salumu alikuwa ndani ya basi, Chalinze au mbele ya Chalinze. Wakati picha ya mashina yale inashuka kwenye mashine ya Kibamba, Salumu alikuwa matangani Muheza. Na Twalib alikuwa hapa, hai, anaitazama.

"Alirekodi wapi?" aliuliza.

Gladness alimpeleka mwisho wa ukumbi. Kilikuwa chumba cha stoo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Kulikuwa na meza ndogo iliyotazama ukuta. Aliyeketi pale aliupa mlango mgongo.

"Akirekodi alikuwa anavaa vya masikioni?"

"Siku zote. Hata ungemwita, hakusikii."

Zubeda alikaa pale, akaupa mlango mgongo, akasikiliza tena mwanzo wa ile sauti. Safari hii alipandisha sauti mpaka mwisho na kuvibana vile vya masikioni kwa viganja. Shikamoo, mzee wangu. Akarudisha. Mara ya tatu aligeuka ghafla kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu mlangoni, ila Gladness.

"Kuna nini, afande?"

"Mashine yenu huanza kupiga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili. Wazee wanakuwa wametoka shambani."

"Ongeza namba moja, iwe ya kwanza kupigiwa." Alimtajia.

Gladness alipauka. "Hiyo ni ya..."

"Naijua ni ya nani."

Saa kumi na moja ilimkuta Zubeda kwenye kiti kile kile mbele ya Dk. Adelard. Mvua ilikuwa imekatika, na kutoka uani lilisikika tone moja moja.

"Swali la mwisho, Daktari, nikuache upumzike. Jumapili hukufika hapa kabisa?"

"Nimeshakujibu."

"Hata kupita tu, kuchukua kitu?"

"Inspekta." Alikunja mikono juu ya meza. "Sikukanyaga hapa Jumapili. Twalib alikufa Ijumaa kwa mkono wa Salumu. Mimi ni mtu mzima. Ukitaka nikuapie, lete Biblia."

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Aliitazama namba, akaikunjia uso.

"Pokea tu," Zubeda alisema. "Weka sauti nje, kama si siri."

"Sina siri mimi." Akabonyeza.

Kwanza ukaja ule ukimya wa chumba kidogo. Halafu:

"Assalaam alaykum. Shikamoo, mzee wangu."

Midomo ya Dk. Adelard ilitikisika yenyewe. Mtu wa umri wake hawezi kupewa shikamoo akanyamaza. Haijapata kumtokea tangu aote mvi. Lakini kabla hajatoa neno, ndani ya simu, kwa mbali, kutoka mlangoni pa chumba chenye trei za mayai, sauti yake mwenyewe ilitangulia.

"Marahaba, kua uyaone."

Tone likadondoka uani. Jingine likafuata.

"Mie ni Twalib, yule anayekuulizaga habari za ufuta. Kama unanisikia vizuri, bonyeza moja."

"Aliwasalimu wakulima," Zubeda alisema taratibu. "Hakujua kwamba uko nyuma yake. Wewe ukadhani ni yako, ukaitikia. Ilikutoka tu."

"Hiyo... hiyo ni ya mwaka jana."

"Ni ya Jumapili. Anataja ufuta uliokatwa Jumamosi asubuhi, na hakuna mtu Dar es Salaam aliyeweza kuuona kabla ya Jumapili. Picha imesema, Daktari. Mkulima amethibitisha."

Dk. Adelard aliinyoshea simu mkono kuikata, lakini mkono ukaganda njiani. Mashine, isiyojua kuchoka wala kufa, ilingoja kama inavyomngojea kila mzee, kisha ikauliza tena kwa adabu ile ile.

"Sijapata jibu lako, mzee wangu. Kama unanisikia vizuri, bonyeza moja."

Aliitazama kama mtu anayetazama maji ya kisima. Mlangoni alikuwa amesimama Gladness, na safari hii masikio yake hakuyaziba.

Kidole cha Dk. Adelard kikashuka, kikabonyeza moja.

"Ahsante, mzee wangu," Twalib alisema. "Jibu lako limepokelewa."

Zubeda aliivuta ile simu kwa kitambaa, akaitia mfukoni. Kisha akatoa yake na kupiga kituoni.

"Ni mimi. Mtoeni Salumu mahabusu, mpeni viatu vyake."